Barua kwa Waziri wa Sheria: Mishahara ya Wapishi wa Kasho

Mheshimiwa Waziri,

Pokea pongezi kutoka Magarama, hapa Gitega. Jalada la mke aliyepigwa linafunguliwa Jumatatu. Alhamisi mwenye kushtaki yuleyule anakuja kuomba lifungwe. Wizara gani nyingine inamaliza kesi upesi hivyo?

Wageni wa semina husema wanawake wetu hawajui sheria. Wanaijua. Ile ya tarehe 22 Septemba 2016, ya kuadhibu ukatili wa kijinsia, wameisikia redioni. Kituo cha Humura nacho wanakijua. Wapo waliotibiwa huko. Ila wanajua hesabu zaidi.

Nikueleze, maana huenda hujawahi kula chakula cha kasho, yaani mahabusu ya polisi. Mume akikamatwa, serikali inampa ukuta na mlango. Chakula kinatoka nyumbani, na nyumbani amebaki yule aliyeshtaki. Basi anabandika maharage kwa mkono uliobaki mzima, anasonga ugali, anapeleka. Polisi anapokea sahani, anamuuliza kwa upole: "Mama, bado tu hujamsamehe?"

Mume akihamishiwa gereza kuu la hapa Gitega ndiyo kabisa. Lilijengwa kwa watu 400; lilikuwa na zaidi ya 1,500 lilipowaka moto tarehe 7 Desemba 2021, wakafa 38 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Mwanamke anataka mumewe aache kumpiga. Hajasema anataka aungue.

Shamba nalo ni la ukoo wa mume. Sheria ya urithi haijaandikwa, kwa hiyo mila ndiyo inayogawa, na mila haijawahi kumsahau mwanamume. Mke akirudi kwa kaka zake, huko nako ni mgeni, tena mgeni mwenye watoto. Na kama ndoa yao haikuandikishwa tarafani, licha ya rais wa wakati huo, Nkurunziza, kuwataka wote waandikishe kabla 2017 haijaisha, hana hata cha kudai. Mama mkwe anamliwaza kwa Kirundi: *Niko zubakwa*, ndivyo nyumba zinavyojengwa. (Sijapata kuona fundi anayejenga hivyo.)

Kwa hiyo ninaleta maombi. Wanawake wote wenye kushtaki waume zao waandikwe kazi ya upishi wa kasho, walipwe kila mwezi, na Jumapili zihesabiwe. Pia kwenye karatasi ya mashtaka, juu ya nafasi ya saini, liongezwe swali: "Mlalamikaji atamlisha mtuhumiwa nini?" Litawapunguzia maofisa kazi ya kuuliza kwa mdomo.

Hatari ninayoiona ni moja. Wakishika faranga zao wenyewe, huenda Alhamisi wasije. Hapo mtahitaji mahakimu na makabati ya majalada, na kwa hilo, Mheshimiwa, sina ushauri.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Magarama