Draiva Mbili, Kompyuta Moja na Kadi za Sendofu

Kompyuta yetu hapa Morogoro ni ya mezani, ya mtumba, na inakaa sebuleni karibu na cherehani. Riziki ya nyumba inapita humo. Mchana naitumia mimi kubuni kadi za michango, za mwaliko na za sendofu. Jioni mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, huandalia mitihani. Usiku, watu wakishalala, mdogo wake huhariri video za harusi. Kwa ajili ya kazi hiyo ya usiku tulinunua kadi ya picha yenye nguvu, maana video ndefu ya sherehe huielemea mashine ya kawaida.

Mfumo endeshi wa kompyuta hiyo ni Debian, mmoja wa mifumo huria mikongwe katika ukoo wa Linux. Ian Murdock aliuanzisha mwaka 1993, na mpaka leo unatunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mume wangu aliingia katika programu huria kupitia Jambo OpenOffice, ile iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo hajaona sababu ya kununua leseni. Kadi zangu nazichora kwa Inkscape, mitihani yake anaiandika kwa LibreOffice, shemeji anakata video zake kwa Kdenlive. Toleo likizeeka, tunahamia jipya bila kumlipa mtu.

Agosti 2024, timu ya usalama ya Debian ilimaliza zamu yake juu ya toleo la 11, Bullseye, ikalikabidhi kwa timu ya usaidizi wa muda mrefu. Toleo la 12, Bookworm, lilikuwa limetoka tangu Juni 2023. Mume wangu akaona wakati umefika. Wakapanga usiku wa Alhamisi, yeye na binti yetu wa kidato cha tatu, kwa sababu bando la usiku ni nafuu na vifurushi vya kupakua ni vingi. Binti akabadilisha majina ya toleo kwenye faili ya sources.list, akatoa amri ya kusasisha, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Shemeji alikuwa Iringa kwenye kazi ya harusi.

Kazi iliisha karibu na alfajiri. Wakaiwasha upya. Maandishi yalipita, skrini ikawa nyeusi, na kwenye kona ya juu kikabaki kimstari kidogo kinachowaka na kuzima.

Mama mkwe alikuwa ameamka kuswali. Alipowakuta wamesimama mbele ya skrini nyeusi, aliinamisha sikio karibu na mashine. "Feni inazunguka," alisema. "Msiichomoe. Kaeni kwanza mfikirie." Ulikuwa ushauri bora wa usiku ule, kwa sababu mume wangu alikwishaanza kusema afute kila kitu na kuanza upya, na kufuta kila kitu kulikuwa na maana ya kufuta kadi za jirani.

Jirani yetu alikuwa anamuaga binti yake wiki inayofuata. Kadi zake za sendofu zilipaswa kufika steshenari Jumamosi asubuhi zichapwe, na kazi yote ilikuwa ndani ya mashine ile. Saa tatu alipiga hodi.

"Dada, kadi zimefikia wapi?"

Nilimweleza hali ilivyo: kompyuta imehamishwa toleo na skrini haionyeshi kitu, tunaishughulikia. Akakaa, akapewa chai, hakulalamika. Lakini niliuona mkono wake ukikunja kile kitambaa cha rangi za sherehe alichoniletea kama sampuli, na sikuweza kutulia.

Aliyetuliza nyumba ni binti. Alibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, na skrini ikatoa maandishi meupe yanayoomba jina na nywila. Akaingia. "Mama, faili zako zote zipo. Kilichokosekana ni picha tu." Kabla ya jambo lingine lolote, alichomeka flashi na kunakili folda ya kadi na ya mitihani. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo kila mwenye kompyuta anapaswa kuijua: skrini kuwa nyeusi hakumaanishi kazi imepotea. Mfumo wa Linux unaweza kuwa mzima kabisa, ukasikiliza kibodi na kusoma diski, huku sehemu ya kuchora madirisha peke yake ikiwa imeanguka.

Sasa tukatafuta chanzo. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, inayozungumza na vifaa. Kwenye Bullseye ilikuwa 5.10, kwenye Bookworm ni 6.1. Kati ya toleo na toleo, watunzaji wa Linux hubadilisha mipango ya ndani ya kerneli bila kuahidi kwamba itabaki vile vile. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, aliueleza msimamo huo katika waraka unaosambazwa pamoja na msimbo wenyewe. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ambayo msimbo wake umo ndani ya Linux hairukwi: anayebadilisha mpango huirekebisha na draiva hiyo papo hapo. Draiva inayokaa nje, ambayo sehemu zake zimefungwa, hubaki nyuma mpaka mwenyewe atoe toleo jipya.

Binti akajaribu kuwasha kwa kerneli ya zamani, ambayo bado ilikuwemo kwenye GRUB, orodha inayotokea wakati wa kuwasha. Moduli ya draiva ya kadi ya picha ilipakiwa, lakini madirisha hayakufunguka, maana kuhama toleo kulikuwa kumebadilisha pia maktaba za picha. Mume wangu akampigia simu mdogo wake.

"Ile draiva ya kadi ya picha uliipata wapi?"

"Niliipakua kwenye tovuti ya wenye kadi, kaka. Nikaiweka kwa kisakinishi chao."

Hapo sauti ya mume wangu ilipanda. Kwake, kitu kilichofungwa hakikuwa na haki ya kuingia kwenye mashine huria. Shemeji naye, kutoka Iringa, alijibu kwa heshima lakini kwa uthabiti: bila draiva ile, video ya harusi moja ingekula usiku na mchana, na ada ya shule ya mwaka uliopita ilitoka kwenye video hizo. Nilichukua simu. "Shemeji, hatutafuti mkosaji. Tuambie kisakinishi kiligusa nini."

Alivyotueleza, na binti alivyothibitisha kwa macho yake, mambo yalikuwa hivi. Kadi yetu ina draiva mbili zinazoweza kuiendesha. Moja ni Nouveau, draiva huria iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliolazimika kuichunguza kadi inavyofanya kazi bila kupewa nyaraka zake. Nyingine ni ya kampuni yenyewe. Mafahali wawili hawakai zizi moja: draiva mbili haziwezi kuishika kadi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kisakinishi kiliandika faili ndogo ya kuizuia Nouveau isipakiwe, kisha faili ya xorg.conf ikaamuru madirisha yatumie draiva iliyofungwa peke yake. Mpango huo ulikuwa sawa chini ya kerneli 5.10. Ilipokuja 6.1, draiva iliyofungwa ilishindwa kujengwa upya, na ile huria ilikuwa bado imezuiwa. Kadi ikakosa mwendeshaji.

Mfumo wa apt, ambao ndio unaoweka na kusasisha programu za Debian, haukuweza kutuonya. Apt unajua vifurushi ulivyoviweka wenyewe tu, na kisakinishi kile kilipita pembeni yake.

Ugomvi wa kaka na mdogo wake ni mkongwe kuliko Linux yenyewe. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya MIT huko Marekani, Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa mpya ya Xerox ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa ya awali. Msimbo haukupatikana. Kisa hicho ni kimoja katika vilivyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Harakati nzima ya programu huria ina deni kwa printa iliyofungwa programu yake, kwa hiyo si ajabu nyumba zetu bado zinahangaika na swali lile lile.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Shemeji alikuwa ameitunza faili ya kisakinishi, na binti akaiendesha kwa amri ya kujiondoa. Akafuta faili ya kuizuia Nouveau na ile xorg.conf, akatoa amri update-initramfs -u ili mabadiliko yaingie kwenye hatua za mwanzo za kuwasha, na maktaba zilizovurugika akaziweka upya kutoka ghala la Debian. Nmtui, programu ya kuunganisha mtandao kwenye skrini ya maandishi, ilimpatia intaneti ya simu ya baba yake. Akawasha upya. Picha ikarudi, ikiendeshwa na Nouveau. Jirani alikuwa bado sebuleni. Inkscape haihitaji nguvu kubwa ya kadi, na kabla ya magharibi tulikubaliana rangi, nikamalizia majina, na Jumamosi asubuhi faili ilikuwa steshenari.

Shemeji aliporudi alikaa na kaka yake mbele ya mashine. Waliongeza kwenye sources.list maghala ya contrib, non-free na non-free-firmware. Hilo la mwisho lilikuwa geni wakati huo: mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kukubali firmware, yaani programu za ndani ya vifaa, zisizo huria kwenye kisakinishi rasmi, na kuanzia toleo la 12 zikawekewa ghala lake. Anayehama kutoka 11 bila kuliandika hukosa masasisho yake. Kisha wakaweka linux-headers-amd64, na draiva iliyofungwa wakaichukua kwenye ghala la Debian badala ya tovuti ya kampuni. Inayotoka ghalani huja na DKMS, ambayo huijenga upya moduli kila kerneli inapobadilika. Amri dkms status ilipoonyesha moduli imewekwa chini ya 6.1, waliwasha upya, na video zikakatika kwa kasi ya zamani.

Mume wangu anataka siku moja kadi ije na draiva huria inayotosha kwa kila kazi, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Mdogo wake anahitaji kula leo. Nyumba inaweza kubeba madai yote mawili, mradi kila kilichowekwa kwenye mashine kinajulikana kimewekwaje na kinaondokaje. Sasa tuna daftari juu ya meza, na kila mmoja anaandika alichoweka.

Nawe unayepanga kuhama toleo, fanya haya. Nakili kazi zako kwanza. Soma maelezo rasmi ya toleo jipya. Kama draiva ya kadi ya picha iliwekwa kwa kisakinishi cha nje, iondoe kabla ya kuhama, hakikisha skrini inawaka kwa draiva huria, ndipo uhame. Ukimaliza, iweke tena kutoka ghala la mfumo wako. Kama Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu wakati wa kuwasha, imewezeshwa, moduli ya nje lazima iwe na saini, na ufunguo wake usajiliwe kwa mokutil, la sivyo kerneli itaikataa. Na usianze kazi hii ukiwa na kadi ya mtu inayosubiri kuchapwa kesho yake.