Safari Rally ya Mitungi

Shemeji yangu huuza maji Kitengela kwa pikipiki ya magurudumu matatu, ile yenye kitanda cha mizigo nyuma. Yangu ni ya umeme. Haina mlio, mbwa wa mtaa wamechoka kuisubiri. Jumapili moja tukaamua kwenda kuhiji Olooloitikosh, ambako magari ya Safari Rally yalikuwa yakitimua vumbi enzi zile, kabla mashindano hayajatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda na Ford Focus. Yaliporudi 2021 yalikwenda Naivasha, na Naivasha ni mbali kwa mtu wa betri.

Shemeji alikataa kushusha mitungi yake 12. Ati uzito huo utaishikilia pikipiki kwenye kona. Sasa barabara ya Namanga, Kitengela hadi Isinya, kona zake utazihesabu kwa vidole na ubakiwe na mkono mzima wa kupungia watu.

Nilianza kwa mbwembwe, nikamwacha nyuma. Nilichosahau ni upepo wa Kaputiei, unaokupiga kifuani kama mtu unayemdai. Kabla ya Isinya betri ikaonyesha wekundu, halafu ikanyamaza kabisa (si kwamba awali ilikuwa ikisema). Shemeji akafika polepole, akaniangalia, asiseme neno. Hilo ndilo liliniuma. Tukaipandisha pikipiki yangu juu ya mitungi, tukaifunga kwa mipira, magurudumu juu kama mbuzi wa Krismasi. Joginder Singh alishinda Safari mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976, na sidhani hata mara moja aliingia amekalia mtungi.

Isinya tukakata kulia, barabara ya Kiserian, kisha tukaingia njia ya vumbi. Nilitarajia moyo unidunde. Palikuwa na mbuzi, miba, na mama mmoja na punda wake. Nikavua kofia nimsimulie habari za McRae.

"Maji ni ngapi?" akauliza.

"Hamsini mtungi, mama," Shemeji akajibu, hata injini hajazima.

Mama akapiga simu. Majirani wakaja na mitungi yao, na mzee mmoja akaizunguka pikipiki yangu mara mbili, akauliza kama nayo inauzwa.

Jioni ile tuliuza mitungi yote 12. Pikipiki yangu haikuuzwa; mzee alitaka kwanza kuisikia ikinguruma.