Mjomba na Bariera

Waandishi wa hadithi fupi hupenda mjomba mkali, nusu kichaa. Waje kwetu Obokote, wamchukue wetu bure. Mboga ya sombe ikipungukiwa mawese huitukana kana kwamba imemdhulumu urithi, jogoo humkaripia kwa kuwika kabla yake, na redio huizima kwa fimbo. Sisi wapwa tunakula kimya. Basi tukiteremka mjini Kindu, njiani kuna bariera, na kijana mwenye bunduki huomba: "Papa, hata ya kahawa tu." Hapo zile hasira (zina akili, msidhani) huingia mfukoni na kutoka zikiwa faranga. Mjomba hushukuru, tena mara mbili. Tukifika Alunguli kungoja mtumbwi, mto Lualaba hufokewa kwa upana wake.