Kura Zetu Huisha Mapema

Anayetaka kujua Wamarekani wanavyompata rais wao asihangaike na vitabu. Apande bodaboda hapa Kisumu, kutoka Kibuye hadi Mamboleo. Kabla hajafika Kondele atakuwa ameshaambiwa kwamba kura za wajumbe ni 538, kwamba anayefikisha 270 ndiye mwenye nyumba, na kwamba mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni tatu za wananchi na bado akarudi kwake mikono mitupu. Habari za Pennsylvania atazipata huku kijana akikwepa matatu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukichora ramani hewani. Nauli haipunguzwi kwa sababu ya hofu uliyopata njiani.

Siwalaumu sana vijana. Watu wa upande huu wa ziwa tuna sababu ya kujiingiza. Babake Barack Obama alikuwa mtu wa Kogelo, Siaya, na mtoto aliposhinda, Rais Kibaki alitangaza Novemba 6, 2008 kuwa siku ya mapumziko Kenya nzima. Tukapumzika kwa heshima ya uchaguzi wa watu. Wa kwetu, ule wa Desemba 2007, ulikuwa umetuachia maduka yaliyoungua katikati ya mji, na baada yake hakuna aliyepumzika.

Linaloniudhi ni kwamba utaalamu huu wote hauteremki kamwe hadi kwenye wadi. Nitafika huko. Kwanza niwataje wanaonisumbua.

Yupo jirani yangu mwenye shahada mbili. Alisoma mahali habari za mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao, na tangu siku hiyo hatulali. Mkoloni hakutaka kila mtu awe na kura. Chini ya mpango wa Walter Coutts, ulipimwa kwa elimu, mapato, mali, utumishi wa miaka mingi na mengineyo, na ukizidi kufuzu unaongezwa kura hadi tatu. Yaani mtu mmoja, kura tatu, kisheria. Jirani anadai utaratibu huo urudi. Nilimkumbusha kwamba hata kwa mizani hiyo iliyopindwa, Jaramogi Oginga Odinga alimwangusha B. A. Ohanga, aliyekuwa waziri, hapa hapa Nyanza ya Kati, kwa hiyo hao wenye kura za ziada hawakumwokoa aliyependwa na wakubwa. Hakunisikia. Mama anayeniuzia omena ndiye aliyemnyamazisha. "Mwalimu," alimwambia huku akijaza gorogoro, "hiyo kura moja uliyo nayo 2022 uliilalia. Tatu utazilalia na nani?"

Mama huyo naye ana yake. Anaipenda Gambia. Kule, tangu miaka ya 1960, badala ya karatasi mpiga kura hupewa gololi. Anaingia faraghani, anaitumbukiza kwenye pipa lililopakwa rangi ya mgombea wake, kengele inalia ndani, basi. Ikilia mara mbili, karani anajua una tamaa. Mama wa omena anasema huo ndio uchaguzi wa watu wenye akili, na akitazama karatasi zetu sita anaona hasira tupu: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge, mwakilishi wadi, kila moja na rangi yake na sanduku lake. Namwelewa. Mwaka 2022 niliona mzee mmoja amesimama mbele ya masanduku hayo na karatasi mkononi kwa muda mrefu hivi kwamba nyuma yake walianza kuulizana kama ameanza ibada.

Shemeji yangu, yeye ni wa Australia. Huko kupiga kura ni lazima tangu 1924, usipokwenda bila sababu ya maana unatozwa dola 20 zao, na uchaguzi unafanywa Jumamosi, watu wakipanga foleni huku wanakula soseji zinazochomwa nje ya kituo. Shemeji anataka faini hiyo ije Kisumu. Soseji hazitaji. Kwetu Katiba imesema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na watu wameshapanga foleni tangu saa tisa usiku kwa baridi na maandazi ya kujinunulia. Faini ya nini? Mvuvi aliyejiandikishia Bondo akahamia Mbita kufuata mbuta, lazima arudi Bondo, kwa sababu jina lake liko kule tu. Alipe mafuta ya injini, apoteze usiku wa kazi, afike. Kisha mashine inakataa alama za vidole vilivyochakazwa na kamba na magamba, hadi karani amtafute kwa nambari ya kitambulisho. Mtu huyu anafaa kulipwa. India, ambako sheria inataka kituo kisiwe mbali na mpiga kura zaidi ya kilomita mbili, wamewahi kufungua kituo katikati ya msitu wa Gir, wenye simba, kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa akilinda hekalu. Mmoja! Wangefika visiwani kwetu wangeaibika kwa niaba yetu.

Na usinitajie Estonia. Najua wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005. Kila kijana mwenye simu ameshaniambia.

Mjomba wangu hana haja na nchi za nje, yeye ni bingwa wa fomu. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi ilipoziweka Fomu 34A, zile za matokeo ya vituo, wazi mtandaoni, kutoka vituo 46,229, alinunua bando na kuanza kujumlisha. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kujumlisha michango ya chama chetu cha kuzikana ikatoka sawa mara mbili. Siku tatu alitangaza matokeo sebuleni, kila jioni na mshindi wake. Lakini akiacha hesabu na kuanza kukumbuka, husikilizwa. Alikuwepo Februari 1988, enzi za mlolongo, chama cha KANU kilipoamuru watu wasimame mchana kweupe nyuma ya mgombea wampendaye, chifu akiwatazama na tajiri wako akihesabu ni nani amesimama wapi. Aliyepata asilimia 70 hapo alipita bila kupingwa. Kwingineko, anasema mjomba, mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na waliokuwa na macho wakaambiwa waende nyumbani. Vijana wakimcheka anawaelekeza Busia wavuke mpaka: Uganda waliwachagua viongozi wa vijiji kwa kupanga mstari Julai 2018.

Sasa tufike kwenye wadi.

Mlolongo ule ulikuwa wa mchujo wa chama. Haukuwa uchaguzi mkuu. Mtu wa Kisumu asiyejua umuhimu wa mchujo ni kama abiria anayegombania kiti cha dirishani kwenye basi ambalo limeshaondoka. Kaunti yetu ina maeneo bunge saba, na kwa miaka mingi aliyekabidhiwa cheti cha uteuzi cha chama cha ODM alianza kupima suti ya kuapishwa. Agosti tulikwenda kuchovya kidole tu. Mwulize Jack Ranguma, gavana wetu wa kwanza: Aprili 2017 alishindwa kwenye mchujo na Anyang' Nyong'o, akalalamika, akasimama kama mgombea huru, na Agosti akashindwa tena. Kazi ilikuwa imeisha Aprili. Mwaka 2022 mambo yakawa mepesi zaidi, maana viti vingi vilitolewa kwa tiketi ya moja kwa moja, na kwa viti hivyo mchujo wenyewe haukuwepo. Kisha kwenye mikutano tukaombwa tupige kura zote sita upande mmoja, tusichanganye. Ugenya walichanganya kwenye uchaguzi mdogo wa Aprili 2019, wakamrudisha David Ochieng wa MDG, na mbingu haikuanguka.

Wataalamu wangu wanajua jinsi Iowa wanavyoanza kuchuja wagombea wa urais kwenye kumbi za vijijini, theluji ikianguka. Waulize bodi ya uchaguzi ya chama chao hapa Kisumu ina nani. Waulize kama majina yao yamo kwenye orodha ya wanachama. Mmoja aliniuliza, "Kwani kuna orodha?" Siku ya mchujo wa mwisho niliofika, steji nzima ya wanasayansi wa siasa haikutokea. Tulikuwa wazee, akina mama wa soko na vijana waliokodiwa kupiga kelele. Jioni wataalamu wakaja kutuuliza nani amepita, na walipoambiwa wakasema demokrasia imekufa. Ilikufa wakiwa wapi?

Najua jibu lao: kura zetu haziheshimiwi, basi ya nini? Lina uzito. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais, na kura iliporudiwa Oktoba 26 Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hazikupiga. Tulikaa nyumbani kwa makusudi, na wapo waliozikwa katika msukosuko wa miezi ile. Siwezi kumcheka mtu aliyechoka namna hiyo. Namcheka aliyechoka na Kisumu lakini ana nguvu za kukesha akifuatilia kura za jimbo la Georgia, Marekani.

Tangu tumzike Baba, Raila Odinga wa ODM, kule Kang'o ka Jaramogi, Oktoba 2025, kila mtu ananiambia kwamba safari hii cheti hakitatosha, kwamba mgombea atalazimika kutembea nyumba kwa nyumba hadi Nyalenda na Obunga. Huenda. Lakini wenye kugawa vyeti hawajafa, na wanajua tarehe kuliko sisi.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Mchujo utakuja miezi kabla ya hapo, pengine mvua ikinyesha. Kijana wa bodaboda, wewe mwenye ramani ya Pennsylvania, jiandikishe chamani, uje asubuhi, na unibebe bure. Mimi nitaleta maandazi.