Kudanganya kwa Kitako cha Bunduki

Ndugu yangu, unataka bunduki ya kuwinda yenye kitako cha mbao, na unataka wenzako kambini waione. Usijitetee. Kila mwindaji hupenda sifa. Tufanye hivi.

1. Chagua mbao kwa macho, lakini kagua shingo. Mjozi wa Uturuki wenye mistari myeusi, ukisuguliwa mafuta ya kitani, hupita mkono kwa mkono penye moto. Sijaona mtu akiomba kushika plastiki ya mwenzake. Michoro ya kujivunia iwe nyuma, upande wa begani. Shingoni, kiganja kinaposhika, nyuzi za mbao ziende moja kwa moja. Zikikatiza mshazari hapo, teke la risasi kubwa ya .375 H&H litakipasua kitako.

2. Mjue adui. Ni maji. Mbao hunywa unyevu ikavimba, ikikauka husinyaa. Ipeleke pwani ya kusini-mashariki mwa Alaska, kwenye mvua isiyokatika, uone. Kitako hupinda kidogo tu, sehemu ya mbele huusukuma mtutu, na bunduki iliyopiga katikati nyumbani sasa inapiga pembeni. Ukilenga moyo, risasi inaingia tumboni. Mnyama anakimbia na jeraha hilo, anateseka saa nyingi msituni, na huenda usimpate. Hilo silivumilii, na ndiyo sababu nakufundisha kudanganya.

3. Danganya ndani, pasipoonekana. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha mpelekee fundi bunduki. Akwangue mbao pale chuma kinapokaa, ajaze gundi ya epoksi, na chuma chenyewe akipake kwanza dawa ya kuzuia kushikana. Akisahau dawa hiyo, hutavitenganisha tena. Kwenye matundu ya skrubu aweke vibomba vya alumini, ili kukaza skrubu kusiibonyeze mbao. Halafu vanishi: ndani kote, kwenye matundu, na nyuma chini ya mpira wa begani. Viwanda vingi hung'arisha nje na kuacha humo ndani pakavu, na humo ndimo maji huingilia. Nje acha mafuta yako ya kitani yang'ae.

Pima kazi yake kwa noti. Ipitishe kati ya mtutu na mbao, uivute kuelekea chemba. Ikikwama, msasa kidogo, upime tena. Watakaosifu mbao yako hawatajua kwamba chuma kimeketi juu ya gundi.

4. Ukiona hiyo ni kazi kubwa, nunua mbao ya tabaka. Ni vipande vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi na kukandamizwa, kwa hiyo haipindi kirahisi. Wajerumani waliiweka kwenye Mauser K98k wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina uzito, lakini uzito huo hupunguza teke. Na ukiulizwa, jibu bila kusita: ni mbao.

5. Plastiki usiionee haya. Remington walipotoa bunduki ya Nylon 66 mwaka 1959, waliipa pia rangi ya kahawia ili ifanane na mbao, na wakauza zaidi ya milioni moja. Kampuni yenyewe ilianza kudanganya kabla yako! Zikwepe tu zile za bei ya chini zenye uwazi ndani. Ukiwa dukani, bana sehemu ya mbele pamoja na mtutu kwa vidole. Ikijikunja mpaka iguse chuma, irudishe rafuni. Zaidi ya hapo, vichaka vikiikwaruza hulia, na swala ana masikio. Faibaglasi au nyuzi za kaboni ni ghali, lakini hazijali mvua wala jua.

6. Ukiwa na uwezo, miliki vitako vyote viwili, cha mbao na cha faibaglasi. Bunduki nyingi za bolti hutoka kwenye kitako kwa kufungua skrubu chache. Winda na faibaglasi, kisha ukirudi nyumbani ivishe mjozi, piga picha, tundika ukutani. Ila kila ukibadilisha, nenda uwanjani kabla ya kwenda porini: weka karatasi ya shabaha mita 100, piga risasi tatu, rekebisha darubini, piga tatu nyingine.