Namna ya Kuruka Dakika Ishirini kwa Nusu Siku

Ndugu msafiri, kati ya uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, pana kilomita kama 73 kwa mstari ulionyooka. Ukitaka kuonekana mjuzi, sema maili 39 za baharini. ATR, ndege ya mapanga mawili, hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa. Gawanya mwenyewe: dakika tisa. Hesabu hiyo itunze vizuri, maana hutaitumia popote.

Ratiba itakuandikia dakika 20 na ushei. Ndege hutambaa kwanza kwenye lami, hungoja zamu, hupanda, na kabla haijakaa sawa inaanza kushuka. Tena njia kuu ya kurukia ya Dar imeelekea kaskazini-mashariki, ya Unguja kaskazini-kusini, kwa hiyo lazima rubani akate kona. Mhudumu asipokupa soda usimnunie.

Shughuli yenyewe ni kutoka Mbezi hadi uwanjani. Kama ndege ni saa nne asubuhi, saa kumi na mbili uwe barabarani. Ubungo utapita. Barabara ya Mandela utasindikizwa na malori ya bandarini, ambayo hayana haraka na mtu. Daraja la juu la Tazara lilifunguliwa 2018 kupunguza foleni, nalo limekupa mahali pazuri pa kuitazama ile iliyo mbele. Hapo mwambie dereva, kwa sauti ya kufika daladala ya pembeni, “Kaka, nina ndege!” Foleni haitasogea, lakini watu watakuwa wamejua, na nauli yako nusu yake ililipiwa hilo.

Uwanjani, vua mkanda, vua saa, toa sarafu. Vaa. Tembea hatua chache, vua tena. Ukipangiwa kile kindege cha injini moja, usishangae mizani ikikuita wewe baada ya begi: uzito hugawanywa ili ndege ikae sawa. Ukiulizwa kilo zako, taja za leo, si za mwaka wa harusi. Kisha keti, ungoje. Kungoja ndiyo sehemu ndefu ya safari, na haimo kwenye kilomita 73.

Angani, piga picha ya bawa haraka.

Ukishatua Kisauni, ulipo uwanja wa Unguja, bado mji uko kilomita kama saba. Patana na teksi, au panda daladala ya 505 na begi lako mapajani. Njiani simu italia. Ni shemeji yako, aliyepanda boti ya saa moja asubuhi, akashuka bandarini Malindi mapema saa tatu, akaoga, na sasa anakunywa chai ya pili Darajani.

“Shem, umefika wapi?”

Mjibu kwa utulivu kwamba ndege yenyewe imechukua dakika kumi na nane tu.