Sifa za Kanzidata

Neno kanzi, kwa waliolisahau, halikuja na waya wala umeme. Ni neno la kale la pwani hii, asili yake Kiarabu, na maana yake ni hazina, aghalabu ile iliyofukiwa ardhini mahali ambapo mwenyewe tu ndiye ajuaye pa kuchimba. Wataalamu wa lugha walipolitafutia jina ghala la taarifa ambalo kompyuta hulibeba tumboni mwake, waliliokota neno hili, wakalitia mkia wa data, ikawa kanzidata. Na sidhani kama siku ile walitambua kwamba wamelipa jambo jina la haki kuliko walivyokusudia. Maana leo hapa Tanzania ukimkuta kijana ameketi barazani saa nne za asubuhi, amenyoa vizuri, ana shahada ya sayansi ya kompyuta, hana kazi na wala hana huzuni, ukamwuliza anafanya nini siku hizi, hatakujibu kwamba yupo tu nyumbani. Atakwambia, kwa sauti ya mtu aliyepata jaha, “Nipo kwenye kanzidata.”

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuwa na mtoto wa kutafutiwa kazi, nitaeleza kwa mukhtasari. Mwombaji wa kazi ya serikali hujisajili mtandaoni kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa, akapakia vyeti vyake, cheti cha kuzaliwa, na barua iliyotiwa sahihi kwa mkono. Jina lake likibahatika kuonekana, huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Akivuka hapo, na kazi yenyewe ikiwa ni ya kushika na kutenda kama ilivyo ya TEHAMA, huitwa kwenye usaili wa vitendo. Akivuka huo pia, hukalishwa mbele ya jopo la mahojiano. Nafasi zikiwa tatu na waliofaulu wakiwa kumi na mmoja, wale wanane waliosalia hawatupwi. Majina yao huhifadhiwa, ili siku mwajiri mwingine wa umma atakapohitaji mtu wa kada ileile, achukuliwe humo apangiwe kituo pasipo kusailiwa upya. Ni mpango wa insafu, na hapo nausifu bila dhihaka. Zamani kila wizara na kila shirika lilijitafutia watu wake, na mkono wa mjomba ulikuwa mrefu. Tangu marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, kuajiri kukakusanywa mahali pamoja. Nami ambaye ni mjomba kwa vijana sita nashuhudia kwamba cheo hicho kimeshuka thamani, siku hizi twaalikwa harusini tu.

Katika vijana hao sita yupo mtoto wa dada yangu mkubwa, mzaliwa wa Tanga, aliyesoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, akaomba kazi ya Afisa TEHAMA Daraja la II. Mchujo aliuvuka. Ulipokaribia usaili wa vitendo nyumba nzima iligeuka madrasa ya waya. Aliketi ukumbini na kipande cha waya wa mtandao, akiumenya ganda kwa wembe na kuzitoa nyuzi zake nane, kila mbili zimesokotwa pamoja, akazinyoosha kwa ukucha na kuzipanga juu ya kidole cha shahada (kidole kilichopata shahada yake bila ada) huku akinong'ona: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia, kisha akazikata ncha kwa usawa, akazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki na kukibana kwa koleo hata kikalia ka! Mama yake, aliyekuwa akipita na tasbihi mkononi, alidhani ni uradi mpya, akaitikia amin.

Akaenda Dodoma kwa basi, kwa njia ya Segera, Chalinze na Morogoro, nauli, malazi na chakula juu yake mwenyewe kama matangazo ya usaili yanavyoagiza; na yeye ambaye miaka mitatu alifundishwa namna ya kuhifadhi taarifa za walimwengu pasipo karatasi, alivibeba vyeti vyake halisi katika bahasha ya kaki aliyoitia ndani ya shati, juu ya kitovu, kwa kuwa buti ya basi haina amana. Alirudi amefaulu. Nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu. Ndivyo alivyoingia katika hazina.

Fadhila ya kwanza ya kanzidata, na kwangu ndiyo kubwa, ni sitara. Kabla yake dunia ilikuwa na watu wa namna mbili tu, mwenye kazi na asiye na kazi, na yule wa pili alipigwa na maswali kila alipotoa kichwa mlangoni. Dada yangu alikuwa hahudhurii shughuli za watu kwa kuogopa neno moja, “Na yule mwanao, bado?” Siku hizi huhudhuria, na kanga yake ya juu huivaa kwa mkogo. “Amefaulu usaili wa serikali,” husema, “yupo kwenye kanzidata,” na wanawake wenzake hunyamaza kwa taadhima, kwa maana hakuna ajuaye swali la pili linapaswa kuwa lipi.

Lakini yupo aliyelijua. Tulipeleka posa Pangani, nami ndiye niliyekuwa msemaji. Mzee wa upande wa binti ni mstaafu wa reli, mtu wa ratiba, saa yake ya mkono huitazama hata akiwa hana aendako. Tulipomaliza kuulizana hali na mavuno ya nazi, akaiweka chini kahawa yake.

“Kijana anafanya kazi wapi?”

“Mzee wangu, kijana amefaulu usaili wa serikali. Yupo kwenye kanzidata.”

Akatafakari kitambo. “Kanzidata iko mkoa gani?”

Nikamweleza, kwa ufasaha wote niliojaliwa, kwamba kanzidata si mahali bali ni hali, kwamba aliyemo humo aweza kuitwa na mkoa wowote kuanzia Mtwara hadi Kagera, na kwamba mtu wa kutakiwa na mikoa yote ni bora kuliko mtu wa mkoa mmoja. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, “Posa yenu tumeipokea kwa heshima. Jibu tumelihifadhi. Litakapohitajika, mtaarifiwa.” Sote tulicheka njiani, isipokuwa mpwa wangu, ambaye alikuwa ameingia Pangani yumo katika kanzidata moja na sasa akitoka yumo katika mbili.

Wapo wanaosema kwamba kungoja huko ni udhia na kwamba vijana wanazeeka wakitazama simu. Wenye kusema hivyo hawakusoma historia ya pwani yao. Mababu zetu walijenga miji ya mawe, wakalipa mahari na kuandika tenzi, kwa kungoja: jahazi lililokuja na kaskazi kutoka Arabuni halikurudi mpaka kusi ianze kuvuma, na baharia aliyewahi kufika na yule aliyechelewa wote walikaa palepale gatini wakizibana nyufa za jahazi kwa pamba na sifa. Hakuna nahodha aliyeandika barua kuulizia upepo umefikia wapi. Na serikali yenyewe, ikiwa itadhaniwa kuwa inamngojesha kijana wa kompyuta bila kujua uchungu wa kungoja, basi ikumbukwe kwamba kompyuta ndiyo iliyotangulia kungojeshwa. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikaaminiwa kazi ya hesabu, na hesabu zikaisumbua. Ilipofika mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia mashine hizo zisiingizwe nchini pasipo idhini, zikahesabiwa pamoja na televisheni katika mambo ambayo taifa lilikuwa halijayahitaji. Zilikaa nje ya mlango miaka mingi. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilikuja mwaka 2003, na Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019. Mashine iliyovumilia hivyo haiwezi kumstahi mtumishi asiye na subira.

Kanzidata tena ni mwalimu wa jiografia. Kila inapotoka orodha ya waliopangiwa vituo, na hutoka wakati wowote, aghalabu jioni ya Ijumaa mtu akiwa ameanza kukata tamaa kwa utaratibu, mpwa wangu huifungua na kuisoma kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Hairuki hata kada zisizomhusu, wauguzi, madereva, wapishi, kwa kuwa, asema, mtu aweza kuandikwa pasipo pake. Kwa njia hiyo amezijua Kakonko na Buhigwe, Nsimbo na Mlele, Momba, Malinyi, Nanyumbu; amegundua kwamba nchi yetu ina halmashauri iitwayo Tanganyika, nayo iko Katavi; na sasa ukimtajia wilaya yoyote atakwambia basi la kwenda huko linaondoka wapi na mahali gani utalazimika kulala. Sijapata kumwona bwana shamba wala mwanasiasa aliyeipenda nchi yake kwa upana huo, kila wilaya ikiwa ni kwao mtarajiwa.

Na mtaa wetu umefaidi kuliko wizara. Akiwa hazinani alifungua kibanda cha steshenari karibu na stendi, akaweka mashine ya fotokopi, skana, na kompyuta mbili alizozifufua kutoka kwa wafu. Humo ndimo watu huja kuomba kazi. Huwasawazishia vyeti, huwapunguzia uzito wa mafaili yanayokataa kupakiwa, huwaandikia barua, huwakumbusha kutia sahihi, na yule ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita Mwanaidi ilhali cha kidato cha nne kinamwita Mwanahawa humpeleka kwa wakili kula kiapo. Baadhi yao wamepangiwa vituo na kuondoka. Mmoja, mpishi, alirudi kumuaga na kumletea mkate wa mofa. Nikamwuliza kama hana kinyongo kuwapitisha wenzake mlangoni naye amesimama nje akiushika mlango. Akacheka, akajibu huku akiendelea kubandika karatasi, “Mjomba, mimi nimesomea kazi ya kutengeneza kanzidata. Sasa nimewekwa ndani yake. Nakuwa kama fundi wa majeneza aliyepimwa.” Kisha, kwa kuwa ni kijana wa adabu na aliona nimeshtuka, akalainisha, akanifahamisha kwamba ndani ya kanzidata kila mtu ni safu moja tu, ana namba yake isiyofanana na ya mwingine, na safu haijiiti, hutulia mahali pake mpaka atokee mtu aulize swali linaloigusa, na swali lenyewe likiandikwa vibaya kwa herufi moja, safu itabaki pale pale, nzima, sahihi, haijui kwamba ilikuwa imetafutwa.

Nilitaka kuiandika sifa hii ya mwisho kwa wino wa kijani, kwani sijaona mawaidha ya unyenyekevu yanayoifikia. Lakini nakiri kwamba usiku ule sikulala vizuri.

Barua ilifika siku ya Jumatano. Haikufika kwa tarishi, ilijitokeza tu katika akaunti yake saa kumi na moja alfajiri, baada ya sala, na aliyeiona kwanza ni mama yake, ambaye hajui kuingia mtandaoni lakini alikuwa akitazama uso wa mwanawe ukimulikwa na simu. Halmashauri moja ya magharibi ya mbali. Aripoti kwa mwajiri na vyeti halisi kabla muda uliotajwa haujapita. Bahasha ya kaki ikatolewa kabatini, ikatiwa selotepu mpya pembeni. Akalifunga lile koleo lake katika kitambaa, akaondoka.

Baada ya wiki tatu akanipigia simu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, baba. Kazi inakwendaje?”

“Alhamdulillahi. Nimepewa meza, na printa nne za kutengeneza.”

“Na mshahara?”

Pakawa kimya, nikasikia jogoo wa huko, saa sita ya mchana. “Wameniingiza kwenye mfumo, mjomba. Nasubiri cheki namba.”

Siku iliyofuata nikapanda basi kwenda Pangani, kwa kuwa jibu letu lilikuwa bado limehifadhiwa. Nilimkuta mzee wa reli amekaa mahali palepale. Nikampa barua ya kupangiwa kituo. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaukagua mhuri, akatazama saa. Nikaona bora nisimfiche, nikamwambia kijana ameripoti lakini cheki namba haijatoka.

“Hiyo naijua,” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akatabasamu. Akamwita binti yake alete kahawa.